Risasi ya Joplin: kisa cha mbale iliyopewa umri wa wakati ujao

Chukua galena, mbale (yaani jiwe lenye madini) ya metali ya risasi, kutoka Joplin, kusini-magharibi mwa Missouri nchini Marekani, pima isotopu za risasi iliyomo, yaani aina za atomu zake zinazotofautiana kwa uzito, kisha tia tarakimu hizo kwenye kanuni ya kawaida ya kukadiria umri. Jibu linatoka hasi. Kanuni inadai kwamba mbale hiyo itatunga zaidi ya miaka bilioni moja ijayo, ilhali watu wameichimba kwa zaidi ya karne nzima, wakaiyeyusha na kuifanya betri, rangi na mabomba.

Nakichambua kisa hiki kwa ajili ya wanafunzi wa jiolojia na wenzetu walio kazini kwenye utafutaji wa madini. Kosa lililokuwamo bado linarudiwa: mtu anapata sampuli mbili za galena, anazipeleka maabara, anapokea umri, anauandika kwenye ripoti na kufunga jalada. Majina ya wenye ardhi na makampuni nimeyaacha kwa makusudi. Watafiti ninaowataja ni wale ambao kazi zao zimechapishwa na kujadiliwa hadharani.

Usuli: eneo na miamba yake

Joplin ipo kwenye eneo liitwalo Tri-State, pale Missouri, Kansas na Oklahoma zinapokutana. Uchimbaji wa risasi na zinki ulishika kasi katikati ya karne ya 19 na ukaisha miaka ya 1970. Mbale imekaa ndani ya mawe ya chokaa yenye gumegume, ya kipindi cha Mississippi, yaani miaka milioni 359 hadi 323 iliyopita. Madini makuu ni mawili: galena, ambayo ni risasi na salfa, na sfalerite, ambayo ni zinki na salfa.

Upande wa pili wa jimbo hilohilo, kusini-mashariki, kuna ukanda mwingine mkubwa zaidi wa risasi, wenye sehemu maarufu kama Bonne Terre na Viburnum. Huko mpangilio wa miamba unasomeka vizuri kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa kuna itale na riolaiti (miamba iliyotokana na magma) za milima ya St. Francois, zenye umri wa miaka bilioni 1.4 hadi 1.5. Juu yake limelala jiwe la mchanga la Lamotte, lililotokana kwa sehemu kubwa na mmomonyoko wa miamba hiyo ya chini. Kisha inafuata dolomiti (jiwe la jamii ya chokaa) ya Bonneterre, ya kipindi cha Kambria, karibu miaka milioni 500 iliyopita, na ndimo mbale ilimo. Ushike mpangilio huu, kwa sababu jibu la kisa chote limejificha kwenye tabaka la kati.

Hakuna volkano wala magma ya kuelezea mbale hizi. Ziliwekwa na maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 100 hivi za Selsiasi, yaliyosafiri mbali ndani ya miamba tabaka huku yakibeba metali.

Kumbukumbu iliyomo ndani ya risasi

Risasi ina isotopu nne zisizooza. Ya 204 haizalishwi na uozo wa elementi yoyote. Iliyopo leo ndiyo iliyokuwapo dunia ilipoanza. Ya 206 hutokana na urani 238, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka bilioni 4.47. Ya 207 hutokana na urani 235, na hii huoza kwa haraka zaidi, nusu kila miaka bilioni 0.70. Ya 208 hutokana na thori 232, nusu kila miaka bilioni 14. Kwa hiyo mwamba wenye urani unapozeeka, uwiano wa 206 kwa 204 unapanda, na wa 207 kwa 204 unapanda kwa mwendo wake tofauti.

Galena inapotunga, inachukua risasi lakini haichukui urani wala thori ya kutajika. Uwiano unasimama pale ulipofika. Ukivunja kipande cha galena mkononi, kikapasuka vipande vidogo vya mchemraba vyenye kung'aa, kila kipande kimebeba hali ya chanzo chake siku ile risasi ilipokitoka.

Kutoka hapo kupata umri kunahitaji dhana moja nzito: kwamba risasi ilitoka kwenye hazina kubwa iliyochanganyika vizuri, kama maji ya mito mingi yaliyokwisha kukorogana baharini, na kwamba tunajua uwiano wa urani na risasi ndani ya hazina hiyo tangu mwanzo. Modeli inayotumika zaidi ni ya Stacey na Kramers ya mwaka 1975. Inaanza miaka bilioni 4.57 iliyopita na risasi ya kimondo, ambapo 206 kwa 204 ni 9.307 na 207 kwa 204 ni 10.294. Inabadili uwiano wa urani na risasi wa hazina miaka bilioni 3.7 iliyopita, na kufikia leo uwiano wa kwanza ni 18.70. Mashapo (malimbiko ya mbale) ya Broken Hill nchini Australia, yenye umri wa karibu miaka bilioni 1.7, yana takriban 16.0, na yanakaa vizuri kwenye njia hiyo.

Galena ya Joplin ina karibu 22. Imeivuka hata risasi ya leo ya modeli, na alama ya hasi inatokea hapo.

Mfuatano wa mambo

Mwaka 1938 Alfred Nier, akiwa Harvard, alichapisha vipimo vya isotopu za risasi ya kawaida kutoka sehemu mbalimbali kwa kutumia spektrometa ya masi, mashine inayotenganisha atomu kwa uzito. Kabla yake wengi waliamini risasi ya mbale ni ileile popote, kwa sababu uzito wake wa atomu ulikuwa unatoka karibu sawa kila ulikopimwa, 207.2 hivi. Nier akaonyesha kwamba usawa huo ulikuwa unaficha tofauti kubwa. Ya 206 na ya 208 hupanda pamoja, moja ikiwa nyepesi kuliko wastani na nyingine nzito, hivyo wastani haubadiliki sana. Joplin ilikuwa miongoni mwa sampuli zilizoleta mshangao. Mwaka 1941 yeye na wenzake waliongeza vipimo vingine, jumla ikafika sampuli 25.

Tarakimu hizo 25 zilifanya kazi kubwa kupita kiasi. Gerling kule Urusi mwaka 1942, kisha Holmes Uingereza na Houtermans Ujerumani mwaka 1946, kila mmoja kivyake, walizitumia kukadiria umri wa dunia, wakapata takriban miaka bilioni tatu. Mwaka 1956 Clair Patterson, akitumia vimondo, alipata bilioni 4.55, na hesabu hiyo imesimama hadi leo.

Katika shangwe hiyo galena ya Joplin ilibaki tatizo. Houtermans aliipa kundi lake, aina ya J, kwa herufi ya kwanza ya Joplin: risasi yenye umri wa modeli mdogo kuliko mwamba mwenyeji, hata kufikia wakati ujao. Kundi la kinyume aliliita aina ya B, kwa mgodi wa Bleiberg nchini Austria, ambako umri wa modeli unatoka mkubwa kuliko mawe ya kipindi cha Triasi, ya miaka milioni 200 na ushee, yenye mbale.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuitenga. Mwaka 1959 Stanton na Russell waliamua kuchagua tu mashapo ya mbale yanayolala sambamba na tabaka za miamba ya volkano na matope ya bahari ya kale, kwa hoja kwamba hayo yalitunga pamoja na mwamba wake na risasi yake ilitoka kwenye hazina kubwa. Sampuli hizo ziliangukia kwenye mstari mmoja wa ukuaji kwa namna ya kuridhisha. Zilizobaki zikaitwa risasi zisizo za kawaida. Kwa lengo lao uamuzi ulikuwa wa busara: ukitaka kujenga kipimo, unaanza na vitu vinavyotii. Lakini jina hilo liliacha taswira kwamba galena za Bonde la Mississippi, zikiwamo za Joplin, ni takataka za data, na utafutaji wa madini ukazipuuza kwa muda.

Uamuzi wa pili ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ni wa mtu aliyekataa kuichukulia sampuli kama kitu kimoja. Mwaka 1963 Cannon, Pierce na Delevaux walichukua fuwele moja ya galena kutoka eneo hilohilo la Tri-State, wakaikata, wakachukua risasi kutoka kanda zake za ukuaji moja baada ya nyingine, kutoka ndani kwenda nje. Hadi wakati huo desturi ilikuwa kusaga kipande chote na kupima unga. Kanda za ndani na za nje hazikulingana. Fuwele ambayo mtu angeweza kuishika kiganjani ilikuwa imepokea risasi yenye isotopu tofauti kadiri ilivyokua.

Fikiria maana yake. Kama uwiano ungekuwa saa, fuwele hiyo ingehitaji mamia ya mamilioni ya miaka kukua. Hakuna aliyeweza kukubali hilo. Maelezo yaliyobaki ni kwamba maji yaliyoilisha yalibadilika: yalikuwa yakileta risasi kutoka vyanzo viwili au zaidi, na mchanganyiko ukabadilika wakati fuwele ikikua. Mwaka 1981 Hart, Shimizu na Sverjensky walirudia wazo hilo kwa mashine ya kisasa zaidi, ya miale ya ioni, kwenye galena ya mgodi mmoja wa ukanda wa Viburnum, na kanda zikaonekana tena.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuacha kuiuliza mbale umri na kuanza kuiuliza ilikotoka. Ukizichora galena nyingi za eneo moja, 206 kwa 204 kwenye mhimili wa mlalo na 207 kwa 204 kwenye wa wima, hazitawanyiki ovyo. Zinapanga mstari. Mstari wa namna hii una mteremko wenye maana: unategemea umri wa chanzo ambamo urani ilikuwa ikizalisha risasi, na wakati risasi hiyo ilipong'olewa. Ukiweka chanzo cha miaka milioni 1,450 na mbale iliyotunga miaka milioni 300 iliyopita, hesabu inakupa mteremko wa karibu 0.10. Chanzo kichanga kama mawe ya chokaa yenyewe kingetoa mteremko mdogo zaidi, kama 0.06. Risasi za Bonde la Mississippi zilielekeza kwenye chanzo cha Prekambria, yaani cha kabla ya Kambria, kikongwe kwa mbali kuliko mwamba mwenyeji.

Basi ikabidi kuyapima mawe. Mwaka 1972 Doe na Delevaux walichapisha kazi ya kusini-mashariki mwa Missouri ambamo hawakupima galena peke yake. Walipima risasi ndani ya tabaka zilizozunguka mbale. Walichokitafuta kilikuwa mwamba ambao risasi yake, kama ilivyokuwa wakati wa kutunga kwa mbale, inafanana na ya galena. Jiwe la mchanga la Lamotte ndilo lililojibu.

Matokeo

Picha iliyojengeka ni hii. Miamba ya kale ya St. Francois ilimomonyoka, punje zake zikawa jiwe la Lamotte, na urani na thori zilizokuwamo zikaendelea kuoza. Baadaye sana maji ya chumvi yenye joto yakapita ndani ya jiwe hilo lenye matundu, yakakwangua risasi iliyoshikamana kwa ulegevu na punje, yakapanda hadi kwenye dolomiti, yakakutana na salfa, galena ikatunga. Risasi iliyotokana na uozo ndiyo hutoka kwa urahisi, kwa kuwa mara nyingi imekaa kwenye sehemu za madini zilizoharibiwa na mnururisho, wakati risasi ya asili ndani ya feldspa, madini ya kawaida ya itale, imejikita. Ndiyo maana mbale inaweza kuwa na uwiano wa juu kuliko wastani wa mwamba ulioitoa.

Umri wenyewe ulipatikana kwa njia nyingine. Vipimo vya usumaku wa kale, yaani sumaku iliyobaki ndani ya mwamba, kwenye miamba yenye mbale ya kusini-mashariki mwa Missouri viliweka tukio hilo mwishoni mwa Karboni hadi mwanzo wa Permi, karibu miaka milioni 300 iliyopita. Ni wakati uleule milima ya Ouachita ilipokuwa ikiinuka upande wa kusini, Arkansas na Oklahoma. Kuinuka kwa milima kuliyasukuma maji ya chumvi kuelekea kaskazini kupitia miamba tabaka. Kwa hiyo risasi ilitaja nyumba ilikotoka, sumaku ikataja siku ya safari, na milima ikaeleza kilichoyasukuma maji.

Uchambuzi: kilichofaa

Kipimo hakikuwa na kosa hata mara moja. Nier alipima vizuri mwaka 1938 na Joplin yake ni Joplin ya leo. Ndiyo maana kisa kiliweza kutatuliwa miongo baadaye bila kutupa data ya awali. Kwa anayefanya kazi hii sasa, maana yake ni kulinda kipimo kabla ya tafsiri. Isotopu ya 204 ni takriban asilimia 1.4 tu ya risasi ya kawaida, na kosa dogo katika kuihesabu linavuta uwiano zote tatu kwa pamoja, na kutengeneza mstari bandia kwenye mchoro ambao mtu mwenye haraka anaweza kuuona kama mstari wa mchanganyiko. Maabara inayostahili fedha zako itakuonyesha matokeo yake ya SRM 981, risasi ya kulinganishia ya NIST (taasisi ya viwango ya Marekani), yaliyopimwa siku moja na sampuli zako. Usione haya kuyaomba.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kupima mawe pamoja na mbale. Galena peke yake inaweza kusema kwamba chanzo chake ni kikongwe na chenye urani. Haiwezi kukutajia tabaka. Kazi ya 1972 ilikuwa na uzito kwa sababu ilikwenda kwenye tabaka zenyewe. Kwa mtafutaji wa madini hii ndiyo faida ya fedha: ukijua maji yalipita tabaka gani, unafuata tabaka hilo, na unatafuta pale lilipobanwa au kukatwa likalazimisha maji kupanda juu.

Kilichoshindwa

Kushindwa kukubwa kulikuwa kutumia modeli ya hazina moja iliyochanganyika kwenye risasi iliyopitia hatua nyingi, yaani vyanzo na nyakati mbalimbali. Hesabu haikuwa na hitilafu. Dhana ndiyo haikutimia. Umri hasi ulikuwa bahati njema, kwani ni upuuzi unaojitangaza na hakuna mhariri angeupitisha. Hatari kubwa ni aina ya B na zile za katikati, ambapo mchanganyiko unatoa umri unaokubalika kwa macho, tuseme miaka milioni 600, na hakuna anayeuliza. Nimeona ripoti za utafutaji zenye umri wa namna hiyo uliotokana na sampuli mbili, bila mchoro, bila kutajwa modeli iliyotumika. Umri wa modeli usiotajiwa modeli yake haufai kuandikwa.

Kushindwa kwa pili ni unga uliosagwa. Hadi fuwele ilipokatwa, wastani wa kila sampuli ulichukuliwa kama thamani yake halisi. Leo tunajua kwamba ndani ya shapo moja la aina ya Bonde la Mississippi mtawanyiko ni sehemu ya habari, na kuuficha ndani ya wastani ni kuipoteza. Mashapo ya Broken Hill yana uwiano unaojirudia karibu uleule kutoka sampuli hadi sampuli, na hilo nalo ni habari: hazina kubwa, iliyochanganyika, labda tukio moja. Waaustralia waliitumia tabia hiyo miaka ya 1970 na 1980 kwenye utafutaji. Kutu ya chuma inayobaki juu ya ardhi baada ya salfaidi (madini yenye salfa) kuoza hutunza isotopu za risasi ya mbale iliyo chini, hivyo kilima chenye kutu kinaweza kulinganishwa na saini ya shapo linalojulikana kabla ya kuchoronga.

Kwa mtu wa Katanga na Mpanda

Mbinu hii si ya Marekani tu. Kipushi, karibu na Lubumbashi, ni shapo la zinki, shaba na risasi ndani ya dolomiti, na huko mambo yalikwenda kinyume na Joplin. Umri wa modeli wa risasi yake ulitoka miaka milioni 450 na ushee, na baadaye vipimo vya rubidi na stronti kwenye sfalerite, pamoja na vya reni na osmi (jozi nyingine za uozo zinazotumika kama saa), vikatoa takriban milioni 451. Saa tatu zisizotegemeana zimekubaliana, na hapo mtu ana haki ya kuuandika umri huo. Anayeanza na risasi pekee Katanga hana haki hiyo hadi saa ya pili izungumze.

Mpanda, magharibi mwa Tanzania, kulikuwa na mgodi wa risasi miaka ya 1950, na tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa kwa ajili yake. Eneo hilo limo katika ukanda wa Ubendi, wenye miamba ya karibu miaka bilioni mbili iliyopita na matukio mengine mengi baadaye. Ni mazingira hasa yanayozaa risasi ya hatua nyingi. Anayetaka kufanya kazi huko kwa isotopu achukue galena kutoka mishipa mbalimbali na vina mbalimbali, achukue pia feldspa ya miamba inayoizunguka, apime urani na thori za mawe hayo ili aweze kuirudisha risasi yake nyuma hadi wakati wa kutunga kwa mbale, na achore alama zote kabla ya kuandika tarakimu yoyote ya umri. Zikipanga mstari, ausome kama mchanganyiko kwanza. Zikirundikana mahali pamoja, ndipo ajaribu umri wa modeli, kisha autafutie saa ya pili.